Kikapu cha Bibi Tumpe

Mbalizi, Jumatano 5 Machi 2025

Leo Majivu. Padre amenipaka msalaba mkubwa kwenye paji la uso, mvua imeufuta kabla sijafika kibandani kwangu. Nimeshona sketi mbili za shule na kubana suruali ya mzee mmoja aliyekonda ghafla.

Jioni jumuiya. Mwenyekiti wetu Sosthenes ni mwalimu mstaafu, na mpaka leo hawezi kusema jambo bila kulifanya somo la dakika arobaini. Kwa ufupi alisema hivi: Kwaresma hii tusichangie rangi ya kanisa letu la kigango, tuchangie wagonjwa wasioweza kutoka ndani. Tumewahesabu mtaani kwetu, wako kumi. Kila Jumamosi wapelekewe chakula na sabuni. Wote tumekubali. Halafu akasema vitu vyenyewe tuvitie kwenye mifuko ya salfeti.

Nikasimama. "Mwenyekiti, mgonjwa siyo kuku wa kupelekewa pumba kwenye salfeti."

Watu wamecheka, yeye hakucheka. Nikasema vikapu nitatoa mimi. Shangazi yangu Verediana kule Ifunda anasuka vikapu vya majani ya milulu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Vitatoka Jumamosi vikiwa vimejaa, Alhamisi nitavikusanya ili tuvijaze tena. Nimekwenda kukaa nikiwa msimamizi. Mdomo wangu huu.

Jumamosi 8 Machi

Vikapu kumi vimefika na basi la Iringa jana. Shangazi alikuwa navyo vimeshasukwa, amevitia tu mstari wa zambarau kwa ajili ya Kwaresma. Vimenipendeza mpaka nimevipanga mbele ya kibanda watu wavione kidogo.

Mwantumu, ambaye kibanda chake cha mchele kimegusana na changu, ametoa kilo ishirini za mchele wa Chimala. Yeye yuko kwenye Ramadhani, mimi kwenye Kwaresma, tumeshinda tunafungasha chakula na hakuna aliyetia kitu mdomoni. "Mama Happy," ameniambia, "wagonjwa wetu watanenepa, halafu vikapu tutaletewa sisi." Happy ni binti yangu, yuko chuo Iringa. Hapa mtaani anayeniita Veneranda ni padre peke yake.

Kila kikapu: mchele kilo mbili, maharage kilo moja, sukari, chupa ndogo ya mafuta, chumvi, mche wa sabuni.

Mimi nimepeleka vinne. Cha mwisho kilikuwa cha Bibi Tumpe, bondeni, nyuma ya mashine ya kusaga. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mjane, nyonga yake ilivunjika mwaka juzi na tangu hapo hajasimama. Ana chumba kimoja cha kupanga. Mpangaji mwenzake, Faustina, anayeuza mboga, ndiye anayemwogesha na kumpikia. Mtoto wake pekee aliye hai, Anyitike, yuko Tunduma, na watu wanasema ana duka kubwa la vipuri.

Bibi ameshika kikapu, akakinusa, akakigeuza huku na huku. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kikapu kizuri hivi kinarudi lini?"

"Alhamisi, Bibi. Nitakifuata mwenyewe."

"Kaa basi kidogo."

Nikamwambia mvua inakuja, siku nyingine nitakaa.

Jumapili 9 Machi

Mvua. Paa la kibanda linavuja juu ya cherehani.

Alhamisi 13 Machi

Nimezunguka kukusanya vikapu. Vitano vitupu, kimoja kina malimao, viwili vina parachichi, cha Mzee Filemoni kina kitunguu kimoja. Cha Bibi Tumpe kina mayai sita yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba.

Nimefurahi sana. Kwetu Ifunda ukiletewa kitu kwenye chombo cha mtu, unakirudisha na chochote ndani, hata iwe chumvi ya kufumba kwenye kiganja. Mama yangu angetuchapa kwa kurudisha bakuli tupu. Hapa mjini watu wameanza kusahau. Nimechemsha mayai mawili, nimekula na chai. Viini vyake vya njano kweli, vya kuku wa kienyeji.

Jumatatu 17 Machi

Nimeshona. Mvua.

Alhamisi 20 Machi

Bibi Tumpe: mayai manane, parachichi mbili. Nimemwambia Mwantumu, huyu bibi anatushinda sisi. Mwantumu akasema labda yule mtoto wa Tunduma anatuma. Nimeona ni hivyo. Nimempa Mwantumu parachichi moja ya kufuturia.

Leo pia Bibi amenikaribisha kukaa. Nilikuwa na vikapu vinne mikononi na matope hadi kwenye magoti. Nimesimama mlangoni, nimemjulia hali, nimeondoka.

Jumapili 23 Machi

Jambo limenikera. Nimetoka misa nikapitia sokoni, nikamkuta Faustina kwa muuza mayai. Mkononi ana mfuko wa mchele. Mchele wa Chimala naujua kama ninavyoujua uzi wangu, na ule ni wetu, tena karibu kilo mbili zote. Nimemkazia macho. Ameniona, akageuza uso, akajifanya anachagua nyanya za meza ya pili.

Basi ndiyo hivyo. Mgonjwa yuko kitandani, anayemhudumia anauza mchele wake. Sikumwambia kitu. Nimemwangalia tu mpaka akaondoka.

Alhamisi 27 Machi

Mayai sita na ndizi kichane kizima. Bibi amekonda. Mikono imekuwa ngozi na mishipa tu, na kikohozi kimeanza. Nimemuuliza kama anakula.

"Nakula, mwanangu. Nakula vizuri."

Faustina alikuwa pale pale anafua, aliinamia beseni. Nikajisemea, huyu hata aibu hana.

Nimekaanga mayai matatu leo, nilikuwa na njaa ya kushinda kwenye cherehani.

Jumatatu 31 Machi

Idi. Mwantumu ameniletea pilau kwenye hotipoti. Nimemrudishia hotipoti na keki niliyonunua. Tumecheka sana.

Jumatano 2 Aprili

Jumuiya ilikuwa ngumu. Amepatikana mgonjwa wa kumi na moja: Ambrosi, fundi ujenzi, kiharusi kimemlaza upande mmoja, mke ana watoto wanne wadogo. Na michango imepungua. Mvua imeharibu maharage ya watu mashambani, kila mtu anatoa kidogo kuliko juzi. Tumejaribu kugawa kwa kumi na moja, kila kikapu kikawa kinatia aibu.

Mimi ndiye niliyesema. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba alisema mwingine. Nilisema: tumtoe Bibi Tumpe, yeye ana uwezo. Nikawaeleza mayai, ndizi, parachichi, mtoto wa Tunduma. Nikawaeleza na Faustina na mchele wa sokoni. "Kikapu chake kinalisha mtu mwingine," nilisema, "na kutoka kwake kinarudi kimejaa kuliko tulivyokipeleka."

Sosthenes alikuna kidevu. "Mama Happy, tungemuuliza kwanza mwenyewe."

"Mwenyekiti, ukimuuliza mtu kama anataka kusaidiwa, atasema nini?"

"Ndiyo maana nasema tumuulize. Tena tukae naye, siyo tumuulize mlangoni."

Nikaona anarefusha somo kama kawaida yake. Watu walikuwa wamechoka, wakapiga kura ya mikono, nikashinda.

Alhamisi 3 Aprili

Nimekwenda kuchukua kikapu. Ndizi nne tu. Bibi alikuwa amejifunika hadi shingoni. Sikumwambia uamuzi wetu. Niliona mtu anakohoa vile siyo wakati wake.

Jumamosi 5 Aprili

Kikapu kimekwenda kwa Ambrosi. Mke wake alilia mpaka na mimi nikalia. Nimerudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo la haki.

Jumapili 6, Jumatatu 7, Jumanne 8

Mvua siku zote tatu, na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Nimeshona sare za kwaya ya Pasaka. Bondeni sikushuka, njia imekatika.

Alhamisi 10 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, Faustina akaja. Hakusalimia. Alisimama mbele ya kibanda na ungo wake wa mboga kichwani, maji yanamtiririka.

"Mama Happy, kwa Bibi mmeacha kuleta?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba mchele wa wagonjwa siyo wa kuuzwa sokoni. Nilisema kwa sauti, Mwantumu akatoka kibandani kwake kuona kuna nini.

Faustina akatua ungo chini. Hakupandisha sauti hata kidogo. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Ule mchele ulikuwa wa Bibi, na aliyenituma ni Bibi. Mkileta kikapu Jumamosi, Jumapili ananituma nikaubadilishe kwa mayai, ili Alhamisi mkija mkute kitu. Nimemwambia mara ngapi, Bibi kula, hawa watu wa kanisa hawana shida ya mayai. Anasema hawezi kumrudishia mtu kikapu chake kitupu. Tena hawezi kumrudishia mchele wake mwenyewe, ataona anadhihakiwa. Basi mchele ndiyo mayai. Sukari ndiyo parachichi. Sabuni na mafuta ndiyo ndizi. Kilichokuwa kinabaki ni maharage na chumvi. Hicho ndicho alichokuwa anakula, na nikipata unga namsongea ugali."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Halafu na wewe, ulivyonitazama siku ile sokoni, ningekuambia ungeniamini?"

 Nikauliza habari za mtoto wa Tunduma, anayetuma pesa.

"Anyitike anabeba mizigo mpakani. Duka gani. Akipata anatuma kidogo, mwezi huu hajapata."

Alijitwika ungo wake. Akaniambia Bibi tangu Jumapili anakunywa uji mwembamba tu, na uji wenyewe ni wa unga wake yeye Faustina, mwenye watoto wawili. Akaenda kuuza mboga.

Nimejaribu kukumbuka nimekula mayai mangapi. Mimi, mzima wa afya, mwenye mikono miwili na cherehani. Na ningekubali salfeti ya Sosthenes, Bibi asingekuwa na chombo cha kurudisha. Nani anarudisha mfuko wa salfeti? Mimi nilitaka vikapu vya Ifunda, vinavyopendeza, vinavyorudi. Nami natoka kwa watu wenye desturi ile ile. Mama yangu angetoa mbegu yake ya mahindi kuliko kurudisha bakuli tupu, na nikijua hivyo kabisa bado sikuona kinachotokea mbele ya macho yangu.

Mwantumu hakunisema. Alipima mchele kilo tano, akaufunga, akauweka kwenye meza yangu, akarudi kwake.

Ijumaa 11 Aprili

Nimeshuka bondeni kabla sijafungua kibanda. Nilibeba mchele, unga, sukari na maziwa, vyote kwenye salfeti.

Bibi alikuwa macho. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Mwanangu, nilijua. Ile wiki ndizi zilikuwa nne tu. Nikamwambia Faustina, hizi chache, wataudhika. Mayai yalikosekana, na sabuni haikupata mtu wa kuichukua. Unisamehe."

Nilipiga magoti pale kwenye udongo. Nikamwambia siyo hivyo, Bibi, hakuna aliyeudhika. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuitikia taratibu, kama mtu anayepewa maneno ya adabu na kuyapokea kwa adabu. Mwisho nikasema ukweli: "Tuliona unarudisha vitu vingi, tukadhani unacho."

 Nikaona anatabasamu, kweli kabisa.

"Mlidhani ninacho?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Nimempikia uji wa maziwa, amekunywa nusu kikombe. Nilipoondoka nilimsikia anamuuliza Faustina kwa sauti ya chini kama kuna mtu mwenye mayai.

Jumamosi 12 Aprili

Wagonjwa wote kumi na mmoja wamepelekewa vitu kwenye salfeti. Nilisimama mbele ya jumuiya nikaeleza kosa langu. Nilitegemea Sosthenes atoe somo. Alisema tu, "Wote tulinyoosha mikono, Mama Happy," akabeba mifuko mitatu na kuondoka nayo kwenye mvua. Mzee wa miaka sabini. Nimemcheka huyu mtu miaka mingapi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nilipika kwa Bibi: wali, maharage na mchicha wa Faustina. Leo nimekaa, kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Alikataa kula mpaka nile mimi kwanza, kwa sababu mimi ni mgeni. Nikala. Yeye alikula vijiko vitatu, akalala na mkono wake juu ya mkono wangu. Anapumua kwa kelele.

Nilimwomba Mungu anipe wiki sita tu nimlishe huyu bibi. Sikuomba kitu kingine.

Jumatano 16 Aprili

Tumempeleka hospitali, mimi, Faustina na Adamu wa bajaji. Wamesema ni mapafu, na mwili hauna nguvu ya kupambana. Amewekewa oksijeni. Faustina amelala naye, mimi nawalea watoto wake.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hasemi. Mwantumu amekuja wodini na supu ambayo hakuna wa kuinywa, ameinywa Faustina.

Pasaka, 20 Aprili

Kwaya imependeza kwenye sare zangu. Sikuimba.

Jumanne 22 Aprili

Bibi Tumpe amefariki saa tatu asubuhi. Nilikuwa nakwenda na chai, nikamkuta Faustina amekaa koridoni na viatu vya Bibi mapajani.

Alhamisi 24 Aprili

Msiba uko uani kwao, nyuma ya mashine ya kusaga. Anyitike amefika jana kutoka Tunduma. Kabla Faustina hajanieleza nilikuwa nimemchora kichwani mwangu, mwenye duka, mnene, mwenye simu mbili. Ni mwembamba, bega moja limeshuka kwa mizigo, shati lake limeshonwa kwa mkono kwenye kwapa. Nilimhesabia mtu huyu utajiri ambao hajawahi kuuona.

Alinitafuta katikati ya wanawake jikoni. "Wewe ndiye Mama Happy?"

Nikasema ndiyo. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama alikuwa ananiambia kwenye simu ya Faustina. Nikimuuliza anaishije huko peke yake, anasema, usiwe na wasiwasi, nimepata rafiki kanisani. Siku hizi tunapelekeana vitu. Yeye ananiletea Jumamosi, mimi nampa Alhamisi."

Nilimvuta pembeni, kwenye ukuta wa mashine, nikamwambia yote. Mchele, mayai, mkutano wa jumuiya, na kwamba aliyesema atolewe ni mimi. Nikamwambia mimi sikuwa rafiki, nilikuwa nasimama mlangoni. Nilikaa mara moja tu, akiwa karibu hana tena nguvu ya kuongea. Nikamwambia kesho mazishini, mbele ya watu, nitasema.

 Mashine ilikuwa imezimwa kwa ajili ya msiba, unasikia kuni zinavyopasuka jikoni.

"Mama mdogo," akaniambia mwisho, "usiseme."

"Nitaishije nisiposema?"

"Hilo lako, mimi silijui. Lakini mama amekufa anajua kwamba alikuwa na rafiki na hakuwa ombaomba. Ukisimama kesho ukasema, utamnyang'anya vyote viwili. Niachie mama yangu hivyo hivyo."

Sikuweza kumkatalia.

Ijumaa 25 Aprili

Tumemzika saa nane. Mvua ilipumzika kidogo.

Sosthenes ndiye aliyesoma historia ya marehemu, kwenye karatasi aliyoandika Anyitike. Kuzaliwa Tukuyu, ndoa, watoto watano na wanne kati yao kutangulia, kuvunjika nyonga. Halafu akasoma: "Katika siku zake za mwisho marehemu alifarijiwa sana na rafiki yake mpendwa, Mama Happy, ambaye walikuwa wakitembeleana na kupeana zawadi kila wiki."  Pale Sosthenes akaninyanyulia macho. Yeye anajua, na jumuiya yetu inajua. Akaendelea kusoma.

Watu wote waligeuka kunitazama. Faustina alikuwa amekaa pembeni yangu, hakugeuka. Niliinamisha kichwa, wasiojua wakaona ni majonzi, Mwantumu akanifunika mabega kwa kanga yake.

Baada ya mashada walipanga mstari, wakampa mkono Anyitike, kisha wakaja kwangu, mmoja mmoja, wazee kwa vijana. "Pole kwa kufiwa na mwenzako, mama." Nikawa naitikia, "Nimeshapoa." Pole zao nimezipokea zote, mpaka ya mtu wa mwisho.